Jioni Inaanza Saa Ngapi

Mapokezi, zahanati
4 Machi

Mwanangu,

Wiki iliyopita tulijaribu kuwapa wagonjwa saa zao kwenye karatasi ndogo zinazochapwa na kompyuta. Nia ilikuwa njema: mtu asikae benchini tangu alfajiri kumngoja daktari anayeingia saa mbili. Kompyuta ikamwandikia mama mmoja 9:00. Akaja saa tisa alasiri, mtoto mgongoni, sikio la mtoto linatoa usaha, daktari ameshaondoka. Mtoto akalia njia nzima ya kurudi. Mwingine aliandikiwa 14:00. Akaniuliza dirishani, “Mama, saa kumi na nne ndiyo ipi? Siku imeongezwa?”

Sasa wamerudi wote kukaa tangu alfajiri na kusukumana.

Ulipokuja likizo uliniambia kuna programu iitwayo Zamu, inayopanga foleni na kuandika saa kama tunavyozisema. Naitaka. Lakini Mganga Mkuu hakubali kitu kiingie kwenye kompyuta zetu kama hakitoki kwenye hazina ya mfumo wenu huria, ile ghala ya programu zilizokaguliwa. Mwaka jana kuna mtu alipakua kitu mtandaoni na mashine zote zikarukwa na akili. Wakati huohuo kuna muuza programu anamtembelea na kalamu na kalenda za ukutani. Ya kwake inataka mtandao kila dakika, na wetu unakuja na kuondoka kama mgeni. Mganga Mkuu atamjibu mwisho wa Juni.

Wewe ndiye unayefungasha hivyo vitu viingie hazinani. Fungasha.

Shangazi yako

---

Chuoni
12 Machi

Shangazi shikamoo,

Usiwe na wasiwasi hata kidogo. Nikimaliza kufundisha hesabu mchana, jioni yote ni ya Zamu.

Nikueleze kazi yenyewe, maana najua utaniuliza. Zamu haijitegemei. Imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript, na watu wa JavaScript wana tabia ya kuazima vipande vidogo vidogo wanavyoviita maktaba. Nimeivuta Zamu, ikaja na maktaba tisa, na kila moja ikaja na zake. Ni kama kumwalika binamu mmoja chakula cha mchana, akatokea na wakwe zake na majirani wa wakwe. Kuna moja ambayo kazi yake yote duniani ni kukuambia kama namba ni shufwa au witiri. Mistari minne, Shangazi! Kuna nyingine mbili zinaitaka maktaba ileile, lakini moja inataka toleo lake la zamani na nyingine inataka la sasa.

Hazina yetu ina masharti. Kila maktaba iwe na kifurushi chake, ijengwe bila kuchungulia mtandaoni, chanzo chake kionekane na ruhusa yake iwe wazi. Mlango wa vitu vipya utafungwa mwanzoni mwa Juni. Muda upo tele.

Binti ya kaka yako

---

Chuoni
20 Machi

Kwa Bundi, mwandishi wa Tamka-Saa

Ndugu,

Salaam. Mimi ni mmoja wa wanaojitolea kufungasha programu kwa ajili ya mfumo huria wa kompyuta. Anwani yako ya barua pepe imekufa, ila kwenye ukurasa wako wa zamani umeandika: “Shukrani zitumwe kwa sanduku hili la posta. Lawama zibaki huko huko.” Basi natanguliza shukrani. Programu ya foleni ninayoifungasha inaazima maktaba yako, na ndiyo pekee niliyoiona inayojua kwamba 8:45 ni saa tatu kasoro robo asubuhi.

Nina maombi mawili. La kwanza ni chanzo. Faili uliloacha mtandaoni limebanwa: mstari mmoja mrefu usio na pumzi, kila jina limebaki herufi moja. Kompyuta inalielewa, binadamu hapana. Sisi tunahitaji msimbo kama ulivyoandikwa na mkono wako, ili atakayekuta kosa aweze kulisahihisha. La pili ni leseni. Hukuandika popote kwamba watu wanaruhusiwa kuitumia, kuibadilisha na kuigawa. Sentensi moja yako inatosha.

Kuna wagonjwa wanaosubiri jibu lako, ingawa wao wenyewe hawajui.

Mfungashaji

---

Kinyozi Pacha
2 Aprili

Kwako unayedai leseni,

Barua yako imefika. Hapa hakuna bundi, hapa ni kwa kinyozi.

Leseni ya biashara tunayo. Imetundikwa juu ya kioo na haijaisha muda. Maktaba hatuna. Tuna magazeti ya wateja ya kusoma wakisubiri, na mengi hayana jalada. Chanzo chetu cha maji ni bomba la mtaa. Kuhusu kubanwa, hakuna mteja wetu aliyewahi kubanwa. Mmoja tu alikwaruzwa sikio, tukamwomba radhi, na bado anakuja.

Wagonjwa wako nawaombea wapone. Tafadhali usituandikie tena.

Mama Pacha, mke wa kinyozi

---

Mapokezi
9 Aprili

Mwanangu,

Umekuwa kimya. Kimya chako nakijua tangu ukiwa mdogo. Ulikuwa unakinyamazia hivyohivyo kikombe ulichokivunja.

Nijibu kwa ufupi: Zamu iko wapi? Siulizi kwa sababu yoyote. Naulizia tu. Hakuna mtu aliyesema kitu chochote mahali popote.

Shangazi yako

---

Chuoni
18 Aprili

Shangazi,

Zamu inakwenda vizuri sana. Zile maktaba mbili zilizokuwa zinagombania toleo nimezipatanisha. Yenye kung'ang'ania la zamani nimeibadilisha mistari michache, nikaijaribu, imekubali la sasa bila kununa. Ile ya shufwa na witiri nimeiondoa kabisa. Kazi yake nimeiandika mwenyewe kwa mstari mmoja.

Kimebaki kitu kidogo tu, cha adabu zaidi kuliko ufundi. Mwandishi wa maktaba ya saa siku hizi ni kinyozi, ana duka linaitwa Kinyozi Pacha, nambari yake ya posta ni hiyo niliyoandika nyuma ya bahasha hii, unitunzie nisije nikaipoteza. Mkewe amenijibu barua ya kuchekesha mno. Nitakusimulia.

Binti ya kaka yako

---

Chuoni
18 Aprili

Mama Pacha mpendwa,

Nimecheka mpaka wanafunzi wakachungulia dirishani. Naomba radhi kwa maneno yangu ya kiofisi. Mimi si mtu wa leseni za maduka, ni mwalimu, na nasema nawe kama dada.

Kuna maktaba ndogo ya kompyuta inayotamka saa. Naamini mumeo aliiandika, maana sanduku la posta ni lilelile. Bila hiyo, programu ninayoifungasha kwa ajili ya zahanati ya shangazi yangu haiwezi kukubaliwa. Leo asubuhi walinzi wa hazina wamenirudishia kifurushi na maneno haya: “Hakina chanzo. Hakina leseni. Asante kwa juhudi.” Wako sahihi. Mimi mwenyewe ningemrudishia mwenzangu. Kugawa kitu ambacho hakuna anayeweza kukisoma wala kukitengeneza ni kuwapa watu sufuria iliyofungwa mfuniko kwa msumari.

Shangazi sijamwambia. Barua nilizoandika leo ni mbili, na yake imejaa habari njema.

Niulizie tu. Akikataa, nitanyamaza.

Mwalimu

---

Kinyozi Pacha
29 Aprili

Mwalimu,

Umeniweza. Sasa nisikilize.

Nilijua unachosema tangu mstari wa kwanza. Leseni, chanzo, kubanwa, yote hayo nimeyasikia mezani kwangu kwa miaka. Nilijifanya sijui ili uchoke uende zako.

Mume wangu aliandika vitu vingi akavigawa bure. Siku moja alibadilisha kitu kidogo katika mojawapo, na programu za watu huko mbali zikaanguka. Jumbe zilimiminika tangu asubuhi. Watu ambao hakuwahi kuchukua hata senti yao walimwita majina nisiyoweza kuyaandika hapa. Yeye akawa anamjibu kila mmoja, kwa adabu, anaomba radhi. Aliacha kula. Aliacha kuwabeba watoto. Mwishowe nilichomoa waya ukutani na kukaa juu ya kompyuta. Wiki hiyohiyo akashika mashine ya kunyolea ya mjomba wake. Sasa anaimba kazini. Anaimba vibaya, lakini anaimba.

Tamka-Saa ni kitu kingine. Aliniandikia mimi. Pacha walikuwa wachanga, nawanyonyesha kwa zamu, na simu ikinionyesha 15:20 kichwa changu kilichochoka hakiwezi kutoa sita. Akanitengenezea kioo cha simu kinachosema “saa tisa na dakika ishirini alasiri, zamu ya wa kushoto.” Nililia kwa kicheko. Kisha akakiweka mtandaoni, labda kuna mama mwingine.

Kwa hiyo najua ni kitu kizuri. Hata hivyo jibu ni hapana, na mume wangu sijamwonyesha barua zako wala sitamwonyesha. Wewe una shangazi wa kumlinda, na mimi nina wangu.

Mama Pacha

---

Mapokezi
6 Mei

Mama Pacha, mwenzangu,

Hunijui. Mimi ndiye shangazi. Anwani nimeitoa nyuma ya bahasha. Binti ya kaka yangu hajui kama nakuandikia, na akijua atanuna wiki nzima. Ameniambia mambo yanakwenda vizuri sana. Ndipo nikajua yamekwama.

Nami nimemficha lake. Mwezi uliopita kwenye kikao, muuza programu akiwa hapohapo na kalamu zake, nilisimama nikasema Zamu iko tayari. Sijui nini kilinisimamisha. Mganga Mkuu akanipongeza na watu wakapiga makofi. Tangu siku hiyo, mlango wa ofisi yake ukifunguliwa mimi nainama kutafuta kitu chini ya meza.

Sikuandikii kwa ajili ya aibu yangu. Hiyo nitaibeba. Nakuandikia kwa sababu kila asubuhi nikifungua dirisha naona kina mama wamekaa bega kwa bega, kila mmoja anaogopa kwenda hata msalani asije akapoteza nafasi. Wiki hii wawili wamevutana vitambaa vya kichwa. Ukiwapa saa wanazozielewa wataondoka, wapike, wafue, warudi wakati wao.

Mke anayemjibia mumewe barua kwa mzaha ana kitu anachomkinga nacho, kwa hiyo sikuombi umtoe mumeo. Naomba umsomee barua hii, kisha aseme hapana kwa mdomo wake mwenyewe. Hapana yake nitaipokea na sitaandika tena.

Na kama mnachoogopa ni midomo ya watu, siku mtu akimtukana kwa sababu ya saa, ampe anwani yangu. Nimekaa dirisha la mapokezi tangu nina meno yote. Matusi mimi nayanywa na chai ya asubuhi.

Shangazi wa Mwalimu

---

Kinyozi Pacha
14 Mei

Mwalimu,

Mimi ndiye Bundi.

Bahasha yako ya kwanza niliiona kabla ya mke wangu. Barua za sanduku letu nazichukua mimi, na jina lile hakuna anayelijua mtaa huu. Niliiacha mezani makusudi. Kesho yake nikaikuta imefichwa chini ya taulo safi. Nikasema moyoni, kama ameificha ana sababu zake. Nikawa nachukua taulo za juu tu, nisizifikie za chini. Kumbe na yeye kila siku alikuwa anakuja kukagua kama taulo za chini zimeguswa! Tumeishi hivyo tangu wakati huo, na taulo tumezifua kuliko hoteli.

Juzi akanisomea barua ya shangazi yako, palepale dukani, wateja wamejaa. Alipofika pa matusi na chai, niliyekuwa namnyoa alicheka mpaka nikazima mashine nisimkate. Kisha mke wangu akakunja barua akaniuliza, “Unasemaje?”

Nikamwambia, “Wewe unaogopa nini?”

“Naogopa utaacha kuimba.”

“Na nikiimba huku naandika?”

Akafikiri. “Basi uimbe kwa sauti,” akasema, “nisikie nikiwa jikoni.”

Habari mbaya ni kwamba chanzo hakipo. Kompyuta ile ilikufa nacho, na mtandaoni niliweka lile faili lililobanwa tu kwa kuwa watoto wote wawili walikuwa wanalia. Lakini naandika upya, kati ya mteja na mteja. Safari hii majina ni marefu na maelezo yapo kila hatua, mpaka kinyozi mwenzangu anaweza kusoma. Wala haiazimi kitu kwa mtu, hata ile maktaba maarufu ya shufwa na witiri.

Ruhusa: mtu yeyote aitumie, aibadilishe, aigawe, ilimradi asifute majina yetu. Nimesema yetu. Mama Pacha anaandikwa mwandishi mwenza, na ujumbe wowote kuhusu Tamka-Saa utapita kwake kwanza. Hilo ndilo sharti langu pekee.

Msimbo utaukuta mtandaoni mahali palepale.

Bundi, yaani Baba Pacha

---

Chuoni
21 Mei

Baba Pacha, Mama Pacha,

Sijui nianzie wapi kuwashukuru, kwa hiyo naanza na hitilafu.

Nimeipitisha Tamka-Saa kwenye kila dakika ya siku. Inasema vizuri tangu saa moja mpaka saa kumi na moja kamili. Ikifika kumi na mbili, asubuhi na jioni, inatangaza “saa sifuri.” Unatoa sita kwenye sita na kubaki na sifuri, ndugu yangu. Wagonjwa wa Shangazi watadhani dunia imekwisha.

La pili si hitilafu, ni swali. 16:00 umeiandika “saa kumi jioni.” Mwalimu mwenzangu anasema hiyo ni alasiri. Mlinzi wa chuo anasema ni jioni tena jioni kabisa. Kamusi nimezifungua, kila moja inakwepa. Amueni wenyewe, ila mtakachoamua mkiandike kwenye maelezo, maana mtu atauliza.

Fanyeni haraka kidogo. Mlango unakaribia kufungwa.

Mwalimu

---

Kinyozi Pacha
27 Mei

Shangazi mpendwa,

Acha nikusimulie kikao cha kuamua jioni inaanza saa ngapi.

Saa sifuri mume wangu aliirekebisha huku akijipiga kofi kwenye paji la uso. Lakini hilo swali la pili! Alilitupa dukani kama utani na duka likawaka. Fundi viatu wa mlango wa pili alisema jioni inaanza kivuli cha paa kikifika kwenye kizingiti chake. Nikamwambia kompyuta haina kizingiti. Dereva wa lori akasema jioni ni akianza kuona usingizi. Mwalimu wa chekechea akasema jioni ni mzazi wa mwisho akishamchukua mtoto wake, na wengine hawaji kuwachukua mpaka usiku, kwa hiyo kuna siku hazina jioni. Mzee mmoja akashika kauli kwamba jioni ni pale mkewe anapoanza kumpigia simu.

Wakapandishana sauti. Waliokuja kunyolewa wakasahau, waliokuwa wamenyolewa hawakutaka kuondoka.

Mwishowe mume wangu akanigeukia. “Mwandishi mwenza, amua.”

Nikaamua. Alasiri inakwenda mpaka saa kumi na moja. Kuanzia hapo ni jioni. Mwenye duka la jirani alitaka kupinga, lakini alikuwa anapakwa povu la ndevu na mume wangu akalipandisha mpaka mdomoni.

Tumeandika hivyohivyo kwenye maelezo: “Jioni inaanza saa kumi na moja. Asiyekubali anaweza kubadilisha, ruhusa anayo.” Nimesoma sentensi hiyo mara kadhaa, Shangazi. Zamani mtu asiyekubali alikuwa anatukana. Kumbe angeweza kuambiwa tu: badilisha, ruhusa unayo.

Halafu anaimba. Majirani wamelalamika.

Mama Pacha

---

Chuoni
4 Juni

Shangazi yangu,

Imekubaliwa! Zamu na jamaa zake wote wako ndani ya hazina, kila mmoja na kifurushi chake. Walinzi walikagua Tamka-Saa, wakaandika mwisho wa ujumbe: “Msimbo unaosomeka raha namna hii hatuuoni kila siku. Ila 16:30 ni jioni.” Nimewajibu waende kwanza wakanyolewe kwa Baba Pacha.

Mlango umefungwa jana. Tuliingia na upindo wa nguo ukabanwa.

Kuna mambo sikukuambia mwezi wa nne. Lakini Mama Pacha ameshaniandikia kuhusu barua yako kwake, na kuhusu kikao chenu na yale makofi, kwa hiyo nadhani tumelingana. Nilitaka kununa wiki nzima kama ulivyotabiri. Nimeshindwa siku ya kwanza.

Mwambie fundi wa kompyuta aiweke kama anavyoweka kitu kingine chochote. Diski niliyotuma inatosha, mtandao hauhitajiki.

Binti ya kaka yako

---

Mapokezi
25 Juni

Mwanangu,

Siku ya kwanza hawakuniamini. Nilimpa mama karatasi imeandikwa “saa nne na nusu asubuhi,” akaisoma, akanitazama, akaenda kukaa palepale. Nikamfuata. “Mama, nenda nyumbani.” Akaniuliza, “Nimekosa nini?” Kazi kubwa ilikuwa kuwafukuza.

Siku ya tatu wakazoea. Leo katikati ya asubuhi Mganga Mkuu katoka ofisini, akaona benchi halina mtu, akashika kichwa. “Wagonjwa wako wapi? Wamegoma?”

Nikamwambia, “Wapo, daktari. Wanafua. Watakuja kwa saa zao.”

Wakaja, mmoja mmoja, kama wageni wa heshima. Alasiri muuza programu alipopita, Mganga Mkuu alimkaribisha chai, akamrudishia kalenda, kalamu akabaki nayo. Mimi sikuinama chini ya meza.

Zahanati ya pili ya wilaya imeshatuma mtu kuja kuona. Nimemwambia hakuna wa kumwomba wala wa kumsubiri, ipo kwenye hazina, achukue tu. Alifikiri namficha bei.

Shangazi yako

---

Kinyozi Pacha
10 Julai

Mwalimu,

Imefika siku niliyokuwa naiogopa.

Ujumbe kuhusu Tamka-Saa kutoka kwa mtu tusiyemjua. Nimeupokea mimi, kama tulivyokubaliana. Nikaingia nao jikoni nikaufungua nimesimama. Ni mwokaji mikate. Anasema ameweka Tamka-Saa kwenye kioo cha tanuri lake, wafanyakazi wake wanaipenda, ila ikifika 4:00 inasema “saa kumi usiku.” Kwa mwokaji, anasema, hiyo ni alfajiri, na vijana wakisoma “usiku” wanajiona wameonewa. Anauliza kama tunaweza kuifikiria. Kisha ameandika asante mara mbili, mara ya pili labda alisahau ya kwanza.

Ningeweza kuufuta. Nikaenda dukani nikamwekea mume wangu simu mbele ya kioo.

Alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, upande wa kulia umeisha, wa kushoto bado msitu. Akasoma. Akasoma tena. Mimi nimeshika mlango, natazama mabega yake, maana siku zile yalikuwa yanapanda mpaka masikioni.

Hayakupanda. Akasema, “Huyu mtu yuko sahihi kabisa,” akaweka mashine chini, akavuta kiti, akafungua kompyuta, akaanza kuandika huku anaimba ule wimbo wake anaouharibu siku zote.

Mteja akanitazama kwenye kioo, nusu mtu nusu msitu. “Shemeji,” akasema, “na mimi?”

Sijawahi kunyoa mtu maishani mwangu, Mwalimu. Nikachukua mashine, nikammalizia mimi.

Mama Pacha, mwandishi mwenza